Pafu Hili la Nani?

Mkunga aliyewapokea alikuwa mtu wa maneno, na majina aliyowapa siku ile yaliwaganda mpaka uzeeni. Mtoto wa kwanza alitoa kichwa, akatulia hapohapo kama mpangaji anayekagua nyumba, ndipo akamalizia kutoka. "Huyu kachungulia kwanza," mkunga akasema. Wa pili alichelewa sana, na alipokuja alikuja bila haraka wala kelele, hata mama yao alikuwa ameshadhani kazi imekwisha. Basi wa kwanza akawa Chungulia, wa pili akawa Taratibu, na majina yao halisi yakabaki kwenye vyeti.

Walifanana kama shilingi kwa ya pili, lakini tabia ziligawanywa vibaya. Maswali yote alipewa Chungulia. Fundi bomba akija kuzibua sinki, Chungulia naye alikuwa chini, shingo ndani ya kabati, akitaka kujua uchafu ule umeanzia wapi na umepitia wapi. Gari likiharibika mtaani, boneti halikufunguliwa kabla hajafika. Taratibu, kwa upande wake, hakuwahi kuuliza hata njia. Aliona heri apotee.

Walikuwa na karakana ya mito na magodoro ya sufi, chumba kimoja kirefu chenye wavu madirishani ili sufi isiruke barabarani, na cherehani mbili zilizotazamana. Sufi hufika kwenye magunia pamoja na mbegu zake, na lazima ichambuliwe kwa mkono, maana mbegu moja ikibaki ndani ya mto mteja ataiota usiku kucha. Vumbi lake ni jepesi mno. Jioni walikuwa wakitoka mle ndani na nyusi nyeupe, wanachekana.

Na walikuwa na desturi moja iliyoanza utotoni, nayo ndiyo iliyoleta mambo yote haya. Fundi wa nguo alimpima mmoja tu, akashona mbili. Kiatu alikijaribu mmoja, wakanunua jozi mbili. Daktari wa meno alipomwambia Chungulia apunguze sukari, Taratibu naye akaacha sukari, na hakuna katika familia aliyeona ajabu. Mwili mmoja ukipimwa, miwili imepimwa. Hivyo ndivyo walivyoishi, wakaolewa, wakazaa, wakafiwa na waume zao, wakarudi kuishi pamoja nyuma ya karakana.

Kikohozi kilimwingia Taratibu kwa mtindo wake mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka siku moja ikagundulika kwamba hajamaliza sentensi tangu asubuhi. Nguo zikaanza kumpwaya. Binti yake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu asiyekubali jibu ambalo halijaonyesha njia. Akamkamata mkono mama yake, akampeleka hospitali.

Daktari wa kifua alikuwa mama wa makamo, miwani yake imeshuka mpaka nchani mwa pua. Aliitundika picha ya eksirei kwenye taa, akaonyesha wingu lililokaa upande wa kulia, chini.

"Huenda ni vumbi la kazi yenu," akasema. "Huenda ni kovu la homa ya zamani. Huenda ni saratani. Eksirei ni kivuli, mama. Kwenye kivuli moyo unalala juu ya pafu, ubavu unalala juu ya moyo, na mimi sipendi kubahatisha. Nataka ufanye kipimo cha CT."

Katika maneno yote hayo Taratibu alisikia moja tu, na unalijua ni lipi.

Siku ya kipimo binti aliwashusha getini akakimbilia shuleni, kwa kuwa alikuwa na mtihani wa kusimamia. Kosa lake lilikuwa hilo. Angebaki, yasingetokea, maana yeye pekee aliweza kuwatofautisha kwa mbali. Wale pacha walikaa kwenye benchi la korido ya picha, chini ya feni iliyozunguka kwa kulazimishwa. Kadi ya hospitali Taratibu alikuwa ameibana kwa mikono miwili.

"Dada, nimesikia unaingizwa kwenye shimo."

"Nani kakwambia?"

"Jirani. Anasema ni kama kaburi lenye taa."

"Yeye aliingia lini?"

"Hakuingia. Aliambiwa."

"Basi mwache na kaburi lake la kuambiwa."

Taratibu akajaribu kucheka, kikohozi kikamkata. Alipotulia macho yalikuwa yamemjaa. "Siwezi, dada. Kweli siwezi. Nikifungiwa kule nitakufa kabla ya ugonjwa wenyewe. Turudi nyumbani."

Chungulia akamtazama. Alimpenda mdogo wake kupita kiasi, na kumwona anaogopa vile kulimuuma. Lakini tusimpakazie utakatifu. Tangu alipolisikia jina la mashine ile alikuwa halali vizuri kwa hamu ya kuiona. Mambo hayo mawili yakakutana kichwani mwake, yakapeana mikono.

"Sisi tulikuwa yai moja, au si kweli?" akasema.

"Kweli."

"Vumbi tumevuta moja, chumba kimoja, miaka yote. Fundi akimpima mmoja anashona mbili. Kilichoko kwako si ndicho kilichoko kwangu? Nipe hiyo kadi."

Taratibu alijua hoja ile ina tundu mahali fulani. Ila mtu anayezama hakagui kamba. Akaitoa kadi.

Mpiga picha wa chumba cha CT alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na utani mwingi, mwenyewe akijiita mpiga picha pekee ambaye wateja wake hawatabasamu. Aliuliza jina, akajibiwa jina la Taratibu. Aliuliza tarehe ya kuzaliwa, akajibiwa bila kusita, kwani tarehe ilikuwa ya wote wawili. Akaitazama picha ya kitambulisho, akautazama uso. Huwezi kumlaumu. Kila mtego ambao hospitali ilikuwa imeuweka kwa ajili ya makosa, hawa walizaliwa wakiwa wameshauruka.

"Figo ziko salama? Kuna dawa inayokudhuru?"

Hapo Chungulia alijibu ya mwili wake mwenyewe, maana ndio uliokuwa unakwenda kulala pale. Akavua hereni, akavua na kila chenye chuma, akavaa gauni la hospitali linalofungwa nyuma, akaingia.

Shimo lenyewe lilikuwa pete. Pete kubwa nyeupe, imesimama katikati ya chumba, na kitanda chembamba kikipita ndani yake. Ukichungulia huku unauona ukuta wa kule. Chungulia aliizunguka yote kabla ya kukubali kulala.

"Mbona eksirei ni ndogo na hii ni dude hivi?"

"Eksirei inakupiga kutoka upande mmoja," mpiga picha akasema, huku akitafuta mshipa mkononi mwake. "Hii inakuzunguka pande zote, halafu kompyuta inakukata vipande vyembamba, kama mkate, bila kisu. Kuanzia mabegani mpaka chini ya mbavu. Daktari anavipitia kimoja kimoja."

"Kwa hiyo mtu ataona katikati yangu?"

"Katikati, pembeni, kote."

"Hata siri?"

"Siri hazionekani, mama. Zingeonekana ningekuwa tajiri."

Chungulia akacheka, ingawa si sana. "Na hiyo mionzi haina madhara?"

"Ni kidogo, lakini si ya kuchezea. Ndiyo maana hatumpigi mtu ambaye daktari hajamwandikia." Chungulia akageuza uso ukutani. "Sasa sikiliza. Nitapitisha dawa mshipani, inaing'arisha mishipa ya damu ili tusiichanganye na kitu kingine. Utasikia joto mwili mzima, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea."

"Na nikijikojolea kweli?"

"Utakuwa wa kwanza leo."

Akatoka, akajifungia nyuma ya kioo. Sauti ikatoka kwenye mashine: vuta pumzi, shikilia. Kitanda kikasogea. Watu wengi hufumba macho hapo, lakini yeye aliyakodoa, akaona kidirisha cheusi kwenye mwili wa ile pete na ndani yake kitu kinachozunguka kwa kasi kikivuma. Joto likaja kama alivyoambiwa, likaanzia kooni likashuka hadi mapajani, na mdomoni akasikia ladha ya chuma. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyeingia jikoni kwa watu. Alisikitika ilipokwisha upesi.

Mpiga picha aliporudi kumtoa sindano, utani wake alikuwa ameuacha nyuma ya kioo.

"Umeona nini?" Chungulia akauliza.

"Mimi napiga tu. Daktari ndiye anayesoma." Halafu, bila kumtazama, "Kunywa maji mengi leo, mama."

Chungulia alikuwa amesoma nyuso za watu maisha yake yote. Alijua kuna kitu. Akamwonea huruma mdogo wake, akatembea polepole kurudi kwenye benchi ili apate muda wa kupanga uso wake.

"Ni pete tu," akamwambia. "Pete kubwa, huku wazi na kule wazi. Jirani yako ni mwongo."

Taratibu alilala vizuri usiku ule. Hata kikohozi kilipungua. Chungulia ndiye aliyekaa macho, akisikiliza pumzi za mwenzake.

Siku ya majibu waliingia watatu kwa daktari wa kifua. Taratibu alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, binti pembeni yake, na Chungulia akakaa nyuma kidogo, ila shingo aliitoa mbele. Daktari alikuwa na picha za CT kwenye kompyuta, na ile eksirei ya zamani ameitundika kwenye taa. Alikuwa anahamisha macho kutoka huku kwenda kule, uso umemkunjika.

"Mama," akamwambia Taratibu, "nianze na lililo muhimu. Kwenye pafu la kushoto, juu, kuna kivimbe kidogo. Hakizidi ukubwa wa harage. Kingekuwa cha duara, laini, nisingeshtuka sana. Hiki kingo zake zina miibamiiba, na vya namna hiyo tunavishuku."

Binti akamshika mama yake bega. Lakini Taratibu hakumtazama binti wala daktari. Aligeuka nyuma akamtazama dada yake, na Chungulia akaona kwenye uso ule, ambao ulikuwa uso wake mwenyewe, jambo ambalo akili yake ilikuwa bado haijalifikia. Kisha ikalifikia. Pafu lile lililokuwa linang'aa kwenye kompyuta halikuwa la mtu aliyekaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Lakini kuna jambo sijalielewa," daktari akaendelea. "Lile wingu la kulia, chini, halipo. Limekwenda wapi? Haya, tuseme limepona. Sasa tazameni hapa kwenye eksirei. Mfupa huu wa bega, mtulinga, una nundu. Uliwahi kuvunjika?"

"Ndiyo," Taratibu akasema. "Utotoni. Tulipanda ukuta kuangalia jirani anagonga nini."

"Nani alianza kupanda?" binti akauliza.

"Nilisukumwa."

Kwa siku nyingine wote wangecheka. Daktari akaigeuza kompyuta iwatazame. "Na mtulinga huu hapa umenyooka kama rula. Mfupa ukivunjika unaunga, mama, lakini haufuti alama. Kwa hiyo naomba mniambie. Pafu hili la nani?"

Chungulia, mwenye mdomo wa wote wawili tangu kuzaliwa, alikuwa bado ameukodolea macho ule mtulinga. Taratibu ndiye aliyesema.

"La dada yangu."

Binti aliinuka kwenye kiti. "Mama! Mama mkubwa! Watu wazima nyinyi!" Alitaka kuendelea, ila alipomwona mama yake mkubwa alivyokaa, akaketi tena.

Daktari alivua miwani kabisa. Alikasirika, na alikuwa na haki. "Mnajua mngenifanyisha nini? Ningemchoma huyu sindano kifuani kutafuta kitu kilichoko kwa yule. Na dawa ile ya mshipani, tulikuwa tumepima figo za huyu. Zako nani alizipima? Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyinyi mmefichiana kabisa!"

"Sisi ni yai moja," Chungulia akanong'ona.

"Yai moja," daktari akasema, "lakini mapafu manne."

Akajipa muda, akairudisha miwani puani. Sauti yake iliporudi ilikuwa ya chini. "Unakohoa? Kifua kinauma? Umepungua?"

Chungulia akatikisa kichwa. Hakuwa na lolote. Mume wake marehemu alivuta sigara kama tanuri, chumbani, kitandani, kila mahali, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuigusa.

"Sasa nisikilize vizuri. Kikiwa kidogo hivi hakipigi hodi. Mtu anakuja kwetu kikishakuwa kikubwa, kikishatembea. Wewe umekuja kwa udanganyifu, lakini umekuja mapema, na siwezi kukataa kwamba ni bahati. Ila picha inanionyesha kilipo na kilivyo. Haiwezi kunitajia jina lake. Kwa jina, lazima tuchukue kinyama kidogo kwa sindano, kikapimwe maabara. Tutakulaza kwenye mashine ileile, iiongoze sindano ifike penyewe. Una swali?"

"Sina," Chungulia akasema.

Taratibu na binti yake wakatazamana. Neno hilo walikuwa hawajawahi kulisikia likitoka kinywani mle.

Kilichofuata kwa Taratibu kinasimulika kwa haraka. Alipiga moyo konde, akapimwa figo zake upya, akaingia kwenye ile pete akiwa amefumba macho na kukamata shuka kwa ngumi zote mbili, akatoka mzima. Wingu lake lilikuwa vumbi na kovu la maambukizi yaliyokaa bila kutibiwa. Akapewa dawa, akaamriwa kuziba pua na mdomo kazini, na nguo zikaanza kumkaa tena.

Ila Chungulia hakwenda kwenye sindano. Siku aliyopangiwa alisema kuna magodoro ya mteja. Akapangiwa nyingine, akasema mguu unamuuma. Karakana iliyotazamana na yao ilileta mashine mpya ya kuchana mbao, ikashushwa kwa kamba na watu wengi na kelele za kila aina, barabara nzima ikatoka kutazama. Chungulia hakuinua kichwa kwenye cherehani. Mlangoni alipita mtu amebeba mzinga wa nyuki, na hakuulizwa chochote, akaenda zake salama.

"Kwa nini hutaki?" binti alimuuliza.

"Kisichojulikana hakiumi, mwanangu."

"Wewe ndiye wa kusema hivyo?"

"Mambo ya watu nilikuwa nachungulia kwa sababu yalikuwa ya watu."

Aliogopa. Hakuna haja ya kulizungushia maneno. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuijua, yeye aliyetangulia kila mahali, na hofu ile ilimfunga macho. Alichambua sufi mchana kutwa, vidole vikitafuta mbegu vyenyewe, na akili yake ikikataa kwenda popote.

Hapo ndipo wahenga walipopata haki yao, kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Taratibu alianza kutoka. Alivaa viatu asubuhi, akamwachia mwenzake cherehani, akarudi adhuhuri na maneno. Mara ya kwanza alikuwa amekwenda kwa mpiga picha. Alimuuliza sindano ina urefu gani, inaingia kupitia wapi, na itajuaje njia. Mara ya pili alimsubiri daktari wa kifua mlangoni mpaka alipotoka kwenda kula, akatembea naye akimuuliza: pafu likitobolewa likatoa upepo wanafanya nini? Jina likiwa baya, kuna hatua gani? Wangapi wanapona kikiwa kama harage? Na kikiachwa kikawa kama ndimu?

Kila alichoambiwa alikuja kukitua mezani mbele ya dada yake, kimoja kimoja, kwa ile sauti yake isiyo na haraka.

"Nani kakutuma?" Chungulia akafoka siku moja.

"Hakuna."

"Basi acha!"

"Nimemuuliza daktari kama wanaweza kunichoma mimi badala yako."

Chungulia akasimamisha cherehani. "Mjinga wewe. Si ulishaambiwa? Mapafu manne."

"Nilijua jibu. Nilitaka tu alirudie, huenda safari hii angekosea." Taratibu alivuta kiti akakaa. Alikuwa na sufi kwenye nyusi, na hakuwa anatania. "Dada, nilipoogopa uliingia badala yangu. Ningeingia mwenyewe siku ile, kama mtu mwenye akili, kitu hiki kisingeonekana mpaka kikutoe roho. Kwa hiyo uoga wangu ndio uliokuonyesha. Wako unataka kukizika tena. Mimi siwezi kwenda kwa zamu yako. Natamani, lakini haiwezekani."

"Niache."

"Watu wanasema nilichelewa kuzaliwa. Mimi nadhani niliogopa tu. Halafu nikaona kubaki peke yangu mle ndani ni kubaya zaidi, nikakufuata." Akafuta pua kwa kiganja. "Sijui kuishi bila wewe. Sijawahi kujaribu. Usinifundishe uzeeni."

Chungulia aliuweka chini mto uliokuwa mkononi mwake, nusu umeshonwa. Hakusema ndiyo. Alisema, "Sindano hiyo, nasikia unachomwa ukiwa macho," na Taratibu akajibu kwamba ndiyo, ila pale mahali panatiwa ganzi.

Wakaenda. Chungulia alilala kwenye ile pete kama gogo. Mpiga picha alijaribu utani wake, haukupokelewa. Kitanda kikaingia, kikatoka, daktari akaisogeza sindano kidogo, kikaingia tena ili aone imefika wapi, mpaka ncha ikakaa ndani ya kile kivimbe. Yeye alitazama dari muda wote. Hakuuliza kwa nini kinaingia na kutoka, hakuuliza kilichotolewa kina rangi gani.

Jina lilipopatikana, lilikuwa lile lililoogopwa. Saratani. Changa, imekaa mahali pamoja, haijatembea. Daktari wa kifua akampa mkono, akampeleka kwa daktari wa upasuaji, mwanamume mrefu mwenye vidole vyembamba aliyeongea kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Wakaketi mbele yake wote watatu. Aliwachorea pafu kwenye karatasi, akapiga mstari pale atakapokata. Sehemu ya juu itaondoka, akasema, inayobaki itajitanua na kufanya kazi. Alikuwa na matumaini makubwa, lakini si kazi ndogo na hakutaka kumdanganya mtu. Kama mama hataki, hakuna atakayemburuta. Taratibu akauliza maswali yake yote, na ya dawa, na ya kulala, na ya kurudi kazini. Binti akauliza asilimia. Yakaisha. Daktari akamgeukia mwenye kifua.

"Na wewe, mama? Unasemaje?"

Chungulia alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vinasuguana mapajani kama vinachambua kitu. Alikaa hivyo mpaka binti akataka kumjibia, na Taratibu akamfinya mkono anyamaze. Kwenye kompyuta ya daktari, pembeni, picha za CT zilikuwa zimefunguliwa tangu walipoingia. Polepole sana Chungulia akainua macho, akazitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mtulinga. Aliona duara la kijivu, na ndani yake weusi wa mapafu mawili, na kwenye weusi mmoja doa dogo jeupe lenye miiba.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

"Kidogo hivyo?" Akakunja uso. "Kikulacho ki nguoni mwako." Akasogea ukingoni mwa kiti. "Na hivi vingine vyeupe vinavyokizunguka, vinavyofanana na matawi?"

"Mishipa ya damu."

"Mimi nina mishipa mingi hivyo?"

"Kila mtu."

"Mkishakitoa," Chungulia akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa imerudi, "mtanionyesha?"

Daktari alisita. "Wengi hawapendi kukiona."

"Mimi nataka kukiona. Kimekaa kwangu bila ruhusa."

Taratibu aliweka kiganja mdomoni, akaanza kulia pale pale mbele ya daktari, machozi ya furaha ambayo hakujisumbua kuyaficha, na binti yake akampa leso naye akiitaka. Chungulia hakuwaona. Alikuwa ameshakiburuta kiti chake mpaka upande wa meza aliokaa daktari, shingo mbele.

"Haya, anzia juu," akamwambia. "Na usiruke hata kipande kimoja."